Fedha za Utafiti Zikishatolewa, Nani Anashika Daftari?

Katika mashamba yetu ya chai, miwa na kahawa, na hata viwandani, watafiti hawaishi kuja. Wanapima udongo. Wanapima damu ya watu wanaopuliza dawa. Wanahesabu machipukizi katika kipande cha shamba kilichozungushiwa kamba na vibao vya namba. Nyuma yao wako wenzetu: vibarua wanaopalilia vipande hivyo, madereva, walinzi, wafagiaji wa maabara, na dada zetu wanaopita nyumba kwa nyumba na karatasi za maswali. Wengi wao hulipwa kutoka fungu moja liitwalo ruzuku ya utafiti, yaani fedha ambazo serikali fulani, mara nyingi ya ng'ambo, imetoa ili jambo fulani lichunguzwe.

Siku fungu linapopatikana kila mtu hujua, maana kuna hotuba na soda. Siku linapokwisha kila mtu hujua pia, maana lango hufungwa. Yanayotendeka katikati ndiyo wafanyakazi hawaambiwi, nayo ndiyo yanayoamua kama mshahara utafika mwezi ujao. Sisi hapa Uganda tutachukua mfano wa Marekani. Serikali hiyo ndiyo mtoaji mkubwa kuliko wote duniani wa fedha za umma za utafiti wa afya, taasisi nyingi za Afrika Mashariki zimefanya kazi kwa fedha zake, na kanuni zake zimechapishwa wazi kwa yeyote atakaye kuzisoma.

La kwanza kufahamu ni kwamba ruzuku si zawadi, wala si mali ya profesa. Kwa kawaida hupewa chuo au taasisi, na profesa, ambaye huitwa mtafiti mkuu, ni msimamizi wa kazi. Barua ya kutoa ruzuku hutaja kiasi cha fedha, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na masharti. Anayechota fedha hizo amekwisha kuyakubali masharti yote, hata yale ambayo hakuyasoma. Tangu tarehe 26 Desemba 2014 masharti ya idara za serikali ya Marekani yamekusanywa katika kanuni moja, ambayo ilirekebishwa Oktoba 2024. Ni kitabu kinene, lakini kiini chake mkulima yeyote atakielewa. Kila senti iwe ya lazima kwa kazi ile, iwe ya bei ambayo mtu mwenye busara angekubali kulipa, na iandikwe kwenye kazi iliyoitumia. Ukinunua mbolea kwa fedha za shamba namba 3 ukaimwaga shamba namba 7, umekosa, hata kama mahindi ya namba 7 yamestawi.

Yako na masharti madogo. Mtafiti mkuu akitaka kuiacha kazi kwa zaidi ya miezi mitatu, au kupunguza robo ya muda wake, hana budi aombe ruhusa kwanza. Mitambo ya thamani kubwa ihesabiwe kwa macho angalau mara moja kila miaka miwili. Kazi ikichelewa, muda unaweza kuongezwa mara moja, hadi miezi 12, bila fedha ya ziada. Muda ukiisha, taarifa za mwisho zifike ndani ya siku 120, na karatasi zote zitunzwe miaka mitatu tangu taarifa ya mwisho ya fedha. Msomaji aliyewahi kukabidhi stoo kwa nyapara mpya hataona ajabu yoyote hapo.

Penye ugomvi mkubwa ni kwingine. Fedha za utafiti zina mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la kazi yenyewe: mshahara wa anayepima, dawa ya maabara, mafuta ya gari. Fungu la pili huitwa gharama za jumla, nalo ni la kuiendesha nyumba ambamo kazi inafanyika: umeme, mlinzi wa lango, karani wa mishahara, paa lisivuje. Fungu hili ni la haki kabisa, maana bila mlinzi na karani hakuna maabara. Lakini kwa kuwa halina risiti moja moja inayosema fedha hii imefanya kazi hii, ndilo fungu ambalo wakubwa hulipenda.

Habari ya Chuo Kikuu cha Stanford, huko California, inafaa kuelezwa kwa kirefu. Kufikia mwaka 1990 chuo hicho kilikuwa kikitoza serikali gharama za jumla za asilimia 74. Kwa kusema kwa ujumla, kwa kila dola 100 za kazi yenyewe serikali ilitoa dola 74 nyingine za kuendesha nyumba. Ofisi ya utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani ndiyo iliyosimamia mapatano ya fedha kati ya serikali na chuo, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ilimweka pale mwakilishi aitwaye Paul Biddle. Huyu hakuwa mkubwa wa kutajwa magazetini. Kazi yake ilikuwa kuangalia hesabu, naye akaziangalia. Alipoanza kuuliza jinsi asilimia ile ilivyopatikana, hakupendwa na chuo, wala na baadhi ya watu wa upande wake mwenyewe. Hata hivyo hakuacha, na mwisho habari zikamfikia John Dingell, mbunge wa Michigan aliyeongoza kamati ndogo ya Bunge ya uchunguzi.

Tarehe 13 Machi 1991 mkuu wa Stanford, Donald Kennedy, mtaalamu wa biolojia, aliketi mbele ya kamati hiyo. Yaliyosomwa siku hiyo yalienea nchi nzima. Ndani ya gharama za jumla, yaani ndani ya fedha za utafiti, yalikuwamo maua ya nyumba ya mkuu wa chuo, kabati la kale la Kiitaliano, na chumba cha nguo kilichofunikwa kwa mbao za mwerezi. Ilikuwamo pia mashua ya anasa iliyoitwa Victoria, yenye urefu wa futi 72, ambayo kuchakaa kwake peke yake kuliandikwa karibu dola 184,000. Mlipa kodi wa Marekani, labda mfanyakazi wa kiwanda cha magari huko huko Michigan, alikuwa amekatwa mshahara ili ugonjwa uchunguzwe, na sehemu ya makato hayo ilikuwa imepanda mashua.

Lakini tuwe wa haki, kwa maana bulletini ya chama isiyokuwa ya haki haina faida kwa mtu. Vitu vile havikutozwa vyote kwa bei kamili. Viliingizwa katika chungu kimoja, na serikali ikalipa sehemu yake ya chungu. Kuhusu mashua, chuo kilisema lilikuwa kosa la uhasibu, kikarudisha fedha. Biddle alikuwa amedai kwamba serikali ilizidishiwa hesabu kwa kiasi kinachofika dola milioni 200. Shauri lilipomalizwa mwaka 1994, Stanford ililipa dola milioni 1.2 tu, na Jeshi la Majini likasema halikuona udanganyifu. Wapo wasomaji watakaocheka hapo. Sisi tunaona jibu limo katika neno lenyewe: mambo mengi yaliyochukiza yalikuwa hayajakatazwa kwa maandishi. Kanuni ilisema gharama iwe ya busara, na wenye kalamu ndio waliopima busara.

Ndiyo sababu matokeo makubwa hayakuwa faini. Mwaka ule ule wa 1991 serikali ilishusha kiwango cha Stanford hadi asilimia 55.5. Vyuo vingine, MIT kikiwamo, vilipekua vitabu vyao vikarudisha fedha kabla ya kuulizwa. Kennedy alitangaza kujiuzulu. Na Oktoba 1991 kanuni iliandikwa upya: sehemu ya utawala katika gharama za jumla za vyuo isizidi asilimia 26, na pombe, starehe na nyumba za wakubwa vikatajwa kwa majina yake kuwa havilipwi. Ukomo huo wa asilimia 26 umedumu zaidi ya miaka 30. Februari 2025 taasisi za afya za Marekani zilijaribu kukata gharama zote za jumla zishuke hadi asilimia 15 kwa mpigo, vyuo na majimbo yakaenda mahakamani, na mahakama ikazuia.

Sasa turudi kwa mtu wa chini, maana huko juu kuna mawakili wa kutosha.

Kanuni ya mishahara inasema fedha ya mshahara ilipwe kwa kufuata kumbukumbu zinazoonyesha kazi iliyofanyika kweli. Makisio ya bajeti peke yake si ushahidi. Ikiwa bajeti ilisema Mariamu atatumia nusu ya muda wake kwenye utafiti wa viuatilifu, na kwa kweli alitumia robo, basi robo ndiyo inayolipwa na fungu hilo. Kwa hiyo karatasi ya saa za kazi, ile ambayo wengi wetu huiona kuwa usumbufu wa ofisi, ndiyo nguzo ya hesabu yote. Mkaguzi akija, anaanza nayo.

Na hapa ndipo wenzetu hutegwa. Katika kituo kimoja, ambacho hatutakitaja, wapimaji wa shambani walikuwa wakiletewa karatasi tupu mwisho wa mwezi watie sahihi, kisha karani akijaza saa ofisini kulingana na fungu lililobaki na fedha. Hakuna aliyewalazimisha kwa fimbo. Waliambiwa tu kwamba mshahara utachelewa. Lakini sahihi ni ya mfanyakazi. Siku saa zile zikionekana za uongo, karatasi haina jina la mhasibu, ina jina la mpimaji. Tawi letu lilipoeleza jambo hili kwa maneno hayo hayo, wapimaji walianza kuweka daftari zao wenyewe za senti chache, kila siku mstari mmoja: tarehe, shamba, saa, kazi. Ofisi haikufurahi, lakini haikupata sababu ya kukataa, maana kumbukumbu ya kweli ndiyo mwenye fedha anayoitaka.

Hali kadhalika taarifa za maendeleo. Hizi hutumwa kwa mtoa fedha kuonyesha kazi imefika wapi, na ndani yake namna matokeo yalivyo. Chuo Kikuu cha Duke, huko North Carolina, kilikubali Machi 2019 kulipa serikali dola milioni 112.5 baada ya kudaiwa kwamba kati ya 2006 na 2018 maombi na taarifa za ruzuku kadhaa zilibeba takwimu za uongo za majaribio ya mapafu ya panya. Aliyefungua shauri alikuwa mfanyakazi wa maabara, siye profesa. Alifungua kwa niaba ya serikali chini ya sheria ya mwaka 1863, iliyotungwa wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe dhidi ya wafanyabiashara waliowauzia askari vitu vibovu. Sheria hiyo humpa mwenye kufichua sehemu ya fedha itakayorudi, na huyu alipata dola 33,750,000. Tunaitaja hesabu hiyo si kwa kuwatamanisha watu. Tunaitaja kwa sababu inaonyesha serikali yenyewe inajua ni nani huona kwanza: anayeosha vyombo vya maabara, anayeshika daftari la stoo.

Kuna sheria nyingine ya Marekani, iliyofanywa ya kudumu Desemba 2016, inayokataza mpokeaji wa ruzuku, na mpokeaji mdogo anayepewa sehemu ya ruzuku hiyo, kumfukuza au kumshusha cheo mfanyakazi aliyetoa habari za matumizi mabaya au hatari kwa afya ya watu. Malalamiko hupelekwa kwa mkaguzi mkuu wa idara iliyotoa fedha. Sheria hiyo inasema jambo ambalo tungependa kila tawi lilikariri: wafanyakazi waelezwe haki hiyo kwa maandishi, kwa lugha ya asili inayotumiwa na wengi wao. Lakini msikilizaji wake yuko Marekani, na mfanyakazi wa huku asidhani ofisi ya wilaya itaitekeleza. Hata hivyo karatasi hiyo ni haki yenu kuiuliza, na atakayeiuliza ni katibu wa tawi, asiachiwe kibarua mmoja kusimama peke yake ofisini kwa meneja.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 2025. Tarehe 20 Januari Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo ya nchi za nje kwa siku 90, na siku chache baadaye barua za kusimamisha kazi zikatapakaa. Machi, Waziri wa Mambo ya Nje Marco Rubio alitangaza kuwa asilimia 83 ya miradi ya shirika la USAID imefutwa. Miongoni mwa kazi zilizosimama ni utafiti wa chanjo ya UKIMWI uliokuwa ukiongozwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini pamoja na wataalamu wa nchi nane za Afrika, wenye ruzuku ya zaidi ya dola milioni 45, wakati majaribio yalikuwa karibu kuanza. Mei, taasisi za afya za Marekani nazo zikasimamisha utoaji wa ruzuku mpya zinazopitia chuo cha kwao kwenda kwa taasisi za nje mpaka utaratibu mwingine upangwe.

Wauguzi, madereva na wakusanyaji wa takwimu walirudishwa nyumbani, na tulisikia jibu lile lile kila mahali: fedha zimekwisha, hakuna kiinua mgongo, mfadhili haruhusu.

Jibu hilo si la kukubali bila kusoma. Kanuni ya Marekani inasema malipo ya kuachishwa kazi yanaweza kulipwa na ruzuku yakiwa yanatakiwa na sheria, au na mapatano kati ya mwajiri na mfanyakazi, au na desturi iliyowekwa ya mwajiri, au na hali ya ajira yenyewe. Kwa wafanyakazi wa nje ya Marekani kuna mpaka, kwamba yasizidi kawaida ya mpokeaji huyo huko Marekani mpaka idara ikubali. Na kuhusu ruzuku iliyokatizwa, gharama za baada ya kukatizwa hulipwa ikiwa zinatokana na wajibu ulioingiwa kihalali kabla, tena si kwa kubashiri kwamba fedha zitakatwa. Msome tena hapo. Mapatano yaliyotiwa sahihi mwaka jana yanahesabika. Mapatano yanayoandikwa usiku wa kuamkia kufungwa lango hayahesabiki.

Kwa upande wa sheria zetu za Uganda, Sheria ya Ajira ya 2006 inaweka malipo ya kuachishwa kwa mwenye utumishi wa miezi sita au zaidi, katika hali zilizotajwa, na inasema kiasi chake kipatanwe kati ya mwajiri na wafanyakazi au chama chao. Katika hali hizo zilizotajwa, kuisha kwa fedha za mfadhili hakumo. Pengo hilo linazibwa na mapatano ya chama tu. Notisi ipo: wiki mbili kwa aliyefanya kazi kati ya miezi sita na mwaka, mwezi mmoja mpaka miaka mitano, miezi miwili mpaka miaka kumi, na mitatu kwa aliyepita hapo. Wakiachishwa watu kumi au zaidi katika muda wa miezi mitatu kwa sababu za kiuchumi au za kubadili mpango wa kazi, chama na Kamishna wa Kazi lazima waarifiwe. Na kanuni za mwaka 2011 zinasema kibarua aliyeajiriwa mfululizo miezi minne si kibarua tena, apewe mkataba wa maandishi. Palizi ya kipande cha utafiti huchukua misimu, wala si siku. Wengi wanaoitwa vibarua pale wamekwisha kuipita miezi minne mara nyingi.

Kwa hiyo pale penye kituo cha utafiti ndani ya eneo la tawi, katibu aombe kuonyeshwa barua ya kutoa ruzuku: tarehe ya mwisho, nani mpokeaji mkuu, nani mpokeaji mdogo, na fungu la mishahara. Wengine watasema ni siri. Ruzuku za serikali ya Marekani zenyewe huorodheshwa hadharani, kiasi na tarehe, hivyo siri hiyo ni ya ofisi ya hapa tu. Kifungu cha kiinua mgongo kiingizwe katika mapatano ya pamoja kabla ruzuku mpya haijaanza, ili mwajiri aiweke gharama hiyo katika hesabu zake mapema. Hata mwajiri mwema hawezi kuilipa baadaye ikiwa haikuwamo; tumewahi kukutana na wahasibu waliotamani chama kingefika mwaka mmoja mapema.

Nakala za kanuni ya mishahara na ya malipo ya kuachishwa, zilizotafsiriwa Kiswahili na wenzetu, zinapatikana kwa makatibu wa matawi. Mwenye mapatano yanayokwisha ndani ya miezi sita ijayo azichukue kwanza.